Kipima Oksijeni cha Kidoleni: Tathmini ya Mzazi wa Mtoto Mwenye Maradhi ya Mishipa ya Mapafu

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kile kidogo kinachofanana na kibanio cha nguo, kinachobanwa kwenye ncha ya kidole na kuonyesha namba mbili: asilimia ya oksijeni katika damu na idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Nimekitumia nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwa miezi 14, asubuhi na jioni, kwa binti yangu ambaye sasa ana umri wa miaka 13. Kwa kuwa nimenunua viwili kwa nyakati tofauti, kimoja kibovu na kimoja kizuri, ninaweza kueleza vyote viwili. Ninaandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake ana maradhi yanayoweza kuvujisha damu ndani ya mapafu katika usiku mmoja, na ambaye kutoka mlangoni kwake hadi kwa madaktari bingwa wa Dar es Salaam ni safari ya kilomita 350 hivi.

Maradhi hayo yanaitwa granulomatosisi yenye poliangiitisi, na madaktari huyafupisha kuwa GPA. Zamani yaliitwa kwa jina la Friedrich Wegener, daktari wa Ujerumani aliyeyaeleza katika miaka ya 1930, lakini mwaka 2011 vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya vililiacha jina hilo kwa sababu ya uhusiano wa daktari huyo na chama cha Nazi. Ni moja katika kundi la maradhi ya vaskulitisi, ambamo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huzigeukia kuta za mishipa ya damu na kuzishambulia hadi zivimbe, zizibe au zipasuke. Katika GPA mishipa midogo ya pua, mapafu na figo ndiyo inayoumia zaidi. Kwa watoto ni maradhi ya nadra mno, wagonjwa wapya wachache tu kwa mwaka kwa kila watoto milioni moja, wengi wao wakiwa wasichana walio katika umri wa kuvunja ungo, na kwao njia ya hewa iliyo chini kidogo ya koo hubanwa mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima.

Binti yangu alianza na pua. Kamasi zake zilikuwa na damu, asubuhi akitoa magamba makavu, na kwa miezi kadhaa tuliyaita mafua. Baadaye sikio likauma, akaanza kukonda, homa zikawa zinakuja jioni, na kikohozi kikafuata, hadi siku moja nilipoona doa jekundu kwenye upindo wa khanga aliyojifutia mdomo. Katika kituo kimoja cha afya alipigwa picha ya kifua, ikaonyesha mabaka na mahali pamoja palipochimbika kama tundu, naye akaanzishiwa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake yalipimwa mara mbili bila kuonekana vimelea. Sina kinyongo na aliyeifikiria TB kwanza, kwa sababu katika nchi yetu mtoto mwenye homa, kukonda, damu kwenye makohozi na tundu kwenye pafu ana TB mara nyingi mno kuliko maradhi mengine yoyote yanayofanana nayo, na kumpa dawa za kupunguza kinga mtoto mwenye TB ni kumwongezea hatari. Ninacholalamikia ni kwamba tulikaa hapo hapo kwa miezi mitatu bila nafuu yoyote, na katika muda huo wote hakuna aliyepima mkojo wake. Daktari wa watoto tuliyempata baadaye alichovya kijikaratasi cha rangi katika kikopo cha mkojo, akasubiri dakika moja hivi, akaniita nitazame: palikuwa na damu na protini ambazo macho yetu yasingeweza kuziona. Aliniambia kuwa pua, mapafu na figo vikiumwa kwa pamoja, mtu anapaswa kuifikiria mishipa ya damu inayovipitia vyote vitatu. Damu ikapelekwa Dar es Salaam kutafuta kingamwili zinazoitwa ANCA, ambazo uhusiano wake na maradhi haya ulitangazwa mwaka 1985, na majibu yakarudi kuwa zipo kwa wingi.

Matibabu nitayapitia kwa haraka, kwani si kiini cha tathmini hii. Alipewa prednisoloni, dawa ya kupunguza kinga, kwa dozi kubwa iliyompa uso wa duara na njaa isiyokwisha, dripu za siklofosfamidi, dawa nyingine ya kupunguza kinga, ambazo siku zake ilinibidi kumnywesha maji kwa wingi ili kibofu kisidhurike, na Septrini ya kumkinga na aina ya nimonia inayowavamia watu wenye kinga iliyoshushwa. Kabla ya dawa za namna hii kuanza kutumika, wagonjwa wengi wa GPA walifariki ndani ya mwaka mmoja. Leo wengi huishi, lakini maradhi yanaweza kurudi, na yakirudi kwenye mapafu hayangoji tarehe ya kliniki. Ndiyo sababu siku ya kuruhusiwa kutoka wodini daktari aliniandikia nitafute kipima oksijeni, akaniwekea mipaka ya mtoto wangu kwa kalamu nyekundu: 95 na kuendelea, tukae kwa amani, 94 au chini yake mara mbili mfululizo, nimpigie simu, 90 au chini yake, nisipige simu kwanza bali nimpeleke hospitali.

Kifaa cha kwanza nilikinunua kwa shilingi 18,000 kwa muuzaji wa vifaa vya simu, na kosa hilo nalibeba mimi kwa kuwa nilitazama bei. Kilikuwa kizuri kwa macho, chepesi, kikiwaka rangi ya kijani na buluu. Kwa wiki mbili kilinipa 98 na 99 bila kukosa, nami nikawa nalala vizuri, hadi jioni moja mdogo wake alipokibana kwenye penseli aliyokuwa akiandikia kazi ya shule. Kikatulia kidogo, kisha kikaandika 98, na chini yake mapigo 72. Penseli ya mbao. Nilikaa nimeishika mkononi kwa muda, nikizifikiria zile asubuhi 14 na jioni 14 nilizokuwa nimeziandika katika daftari kwa utulivu, na zote sikuweza tena kuziamini. Wapo wanaosema kuwa hata kifaa kinachofaa kinaweza kudanganywa kidogo na kitu kinachotikisika mbele ya mwanga wake, lakini hiki niliendelea kukijaribu. Siku ya kliniki muuguzi alikubali tukibane kwenye kidole kimoja cha binti yangu huku cha wodi kikiwa kwenye kidole cha pili cha mkono uleule. Cha wodi kikasoma 94, changu 99. Sijakitumia tena.

Cha pili nilikipata katika duka la dawa lililo mtaani kwetu kwa shilingi 45,000, na hapa nataka kusifu huduma pamoja na bidhaa. Kijana anayeuza hapo aliwahi kuwa mwanafunzi katika shule ninayofundisha, na nilipomweleza habari ya penseli hakucheka. Alisema, "Shikamoo Mwalimu, kaa kwanza, usitoe pesa," akafungua maboksi matatu, akatia betri katika kila kimoja, akavijaribu vyote kwenye vidole vyake mwenyewe, kisha kwenye vyangu, kisha kwenye kalamu. Kimoja kilichelewa sana kutulia, akakirudisha kabatini. Viwili vilivyobaki vilikubaliana kwa tofauti ya alama moja, na kwenye kalamu vyote viwili vilionyesha vistari tu. Nilichukua kile chenye safu ya vijiti vidogo vinavyopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, kwa sababu vijiti hivyo ndivyo vinavyonijulisha kama kifaa kimeipata damu inayotembea au kinabahatisha. Kwenye kliniki iliyofuata kilisoma 96 na cha wodi 97, tofauti ambayo daktari aliikubali, kwani vifaa hivi hata vilivyo bora hukosea kwa alama mbili au tatu.

Anayetaka kukitumia vizuri inafaa ajue kinavyofanya kazi. Upande mmoja wa kibanio hutoa mwanga wa aina mbili, mwekundu unaoonekana na mwingine usioonekana kwa macho, na upande wa pili hupokea mwanga uliofanikiwa kupenya kidole. Damu iliyobeba oksijeni huunyonya mwanga mwekundu kidogo tu na ule usioonekana zaidi, ilhali damu iliyoishiwa oksijeni hufanya kinyume chake. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani, ambaye mwaka 1974 aliwasilisha wazo hili, aligundua kuwa ukiufuatilia mwanga unaobadilika pamoja na mapigo peke yake, unaweza kuitenga damu ya ateri na nyama, mfupa na ukucha. Kwa hiyo chochote kinachozuia mwanga, au kinachodhoofisha mapigo ya kidoleni, hukipotosha kifaa.

Hapa kwetu cha kwanza kinachozuia mwanga ni piko. Harusi ya binamu yake ilipofika, binti yangu alipakwa mikono yote miwili hadi kwenye kucha, nami sikuwa na moyo wa kumnyima furaha hiyo baada ya mwaka mzima wa sindano. Jioni yake kifaa kilihangaika, kikatoa 88, kikapotea, kikatoa 91, na moyo ulinipasuka kabla sijakumbuka kumbana kidole cha mguu ambacho hakikupakwa, nacho kikasoma 97. Tangu siku hiyo vidole viwili vya mkono wa kushoto haviguswi kwa piko wala rangi ya kucha, iwe Idi au harusi, na mpakaji wetu anavijua. Jua la barazani nalo huingia pembeni mwa kibanio na kuvuruga usomaji, kwa hiyo tunapima ndani. Asubuhi za masika, vidole vikiwa vya baridi, humpa kikombe cha chai akishike kwanza. Tunasubiri nusu dakika nzima bila kuzungumza, kisha naandika. Tulipokwenda Lushoto kwa bibi yake mzaa baba, namba zilishuka kwa alama moja au mbili kwa muda wote tuliokuwa huko, na daktari alinituliza kwa simu kwamba katika mwinuko wa kama mita 1,400 hilo ni jambo la kawaida, ingawa mipaka yake ya kalamu nyekundu haikubadilika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo boksi la kifaa halikuliandika, na ambalo ningelijua mapema ningefanya mengine. Wiki moja kabla ya mwisho wa Ramadhani, binti yangu alikuwa akifagia uwanja jioni, akasimama katikati na kuegemea mwarobaini. Nilimkalisha, nikambana kidole. 97. Vijiti vilipanda na kushuka vizuri. Nilimshukuru Mungu, nikamwambia ni joto, nikamlaza mapema. Chini ya ile 97 kulikuwa na namba ya pili, 128, na niliiandika kwenye daftari kwa mkono wangu bila kuifikiria, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamezoea kutafuta oksijeni tu. Mtoto wa umri wake aliyekaa kimya, bila homa, moyo wake haupaswi kukimbia kiasi hicho. Kulipokucha mama yangu, ambaye huwa anamsuka nywele, alimshika mikono akaigeuza. "Mwanangu," aliniambia, "mbona viganja vyake vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua? Mtoto huyu hana damu." Tulipofika hospitali kiwango cha damu kilikuwa 5.9, ambapo kwa umri wake kisingepaswa kupungua chini ya 12, na picha ya kifua ilionyesha ukungu pande zote mbili. Alikuwa akivuja damu ndani ya mapafu. Hakuwa amekohoa hata tone moja, na daktari alinieleza kuwa kwa watoto hilo hutokea mara nyingi: damu hubaki ndani kabisa ya vifuko vya hewa, au humezwa pamoja na makohozi, na dalili ya kwanza inayoonekana nje ikawa ni upungufu wa damu tu.

Nilimuuliza daktari kwa nini kifaa kilinidanganya, naye akambana kidole kwa cha wodi, kikasoma sawasawa na changu. Kifaa hakikudanganya. Nililielewa jambo hili nilipolifikiria kwa mfano wa pwani yetu. Ukisimama ufukweni jioni ukaiuliza kila mashua inayorudi imejaa samaki kiasi gani, na kila moja ikakujibu kuwa imejaa, utadhani soko lina samaki tele, kumbe hukuuliza ni mashua ngapi zilizorudi. Asilimia ya oksijeni ni jibu la swali la kwanza tu: katika damu iliyopo, ni sehemu gani imebeba oksijeni. Mtoto aliyebakiwa na nusu ya damu yake anaweza kusoma 97 huku mwili wake ukipata nusu tu ya oksijeni unayoihitaji, na ni moyo, kwa kukimbia, unaojaribu kufidia mashua zilizopotea. Kwa maradhi ambayo hatari yake kubwa kwenye mapafu ni kumwaga damu, huu ni upungufu mkubwa wa kifaa, na nadhani kila anayekiuza kwa familia kama yetu anapaswa kuusema kwa kinywa chake.

Alilazwa siku 11, akapewa dripu za dawa ya jamii ya prednisoloni kwa siku tatu na kuongezewa chupa mbili za damu, na tangu hapo daftari letu lina safu tano badala ya mbili: oksijeni, mapigo, rangi ya viganja na ya ndani ya kope, idadi ya pumzi kwa dakika akiwa amelala, na kila Ijumaa matokeo ya kijikaratasi cha mkojo, ambavyo nanunua kichupa kizima katika duka lilelile. Mapigo yakizidi 110 akiwa ametulia na hana homa, tunakwenda kupima damu hata kama oksijeni ni 99. Mara mbili tumekwenda na kukuta damu iko salama. Gharama ya safari hizo sijaijutia.

Ipo kasoro ya pili, nayo inatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi kuliko watu wengine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulilinganisha usomaji wa vifaa hivi na vipimo vya damu yenyewe ya ateri, ukakuta kuwa kifaa kilipoonyesha kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi ambao kwa kweli walikuwa chini ya 88 walikuwa karibu mara tatu ya wagonjwa weupe: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6. Kosa linaegemea upande wa kutupa matumaini, na hilo linaniumiza, kwa sababu vifaa vinavyouzwa Tanga vinabanwa kwenye vidole vyeusi kila siku. Daktari alipoulizwa alikubaliana nami tuusogeze mpaka wa kwanza, ili 95 inayorudi mara mbili kwa mtoto ambaye kwa kawaida husoma 98 ihesabiwe kuwa ni sababu ya kupiga simu. Ninaliona ni jambo la msingi kujua kawaida ya mtoto wako akiwa mzima, kwani kushuka kutoka kwenye kawaida yake kunaeleza mengi kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Kwa upande wa uimara sina malalamiko makubwa. Betri mbili ndogo hudumu kama miezi miwili kwa matumizi yetu, nami huzitoa tunaposafiri kwa sababu kifaa kilijiwasha chenyewe ndani ya mkoba mara moja na kuzimaliza. Unyevu na chumvi ya hewa ya bahari vimeanza kuacha kutu kwenye spiringi, na mpira wa ndani hukusanya jasho na mafuta ya nazi, kwa hiyo naupangusa kwa kitambaa chenye spiriti kila Jumapili. Ningekinunua tena kwa bei hiyohiyo, kwa duka hilohilo, na ningemshauri mzazi yeyote mwenye mtoto wa hali hii akinunue kabla hajanunua dawa ya kikohozi.

Lakini hakiwafai watoto wadogo. Kliniki tunakutana na mama mmoja kutoka Pangani ambaye mwanawe ana miaka minne, naye anachunguzwa kwa maradhi ya jamii hii, na kidole cha mtoto huyo kinapotea ndani ya kibanio chetu kiasi kwamba mwanga unapita pembeni. Yeye anahitaji kile chenye waya na kitambaa cha kuzungushia kidole gumba cha mguu. Nimekwisha kumwagiza kijana wa dukani, naye amesema kitakuja na basi la Dar es Salaam wiki ijayo. Tumekubaliana kisiuzwe hadi tukipeleke kliniki na kukilinganisha na cha wodi kwenye miguu miwili ya mtoto huyo kwa wakati mmoja.